Saa kwa Koti la Arusi

Hospitali ya Misheni,
Rabai.
2 Machi 1948

Kwa kaka yangu Gona,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila miguu tu, maana huku tunasimama tangu jua halijatoka. Natumai wewe na wifi Nyamvula hamjambo hapo Changamwe, na moshi wa magari ya reli haujamrudishia wifi kile kikohozi.

Kaka, nimefaulu mtihani wa kwanza. Mwambie wifi apige kigelegele, kisha ndipo umsomee yaliyobaki, kwa sababu yaliyobaki ni haja.

Mwezi wa Mei tutagawanywa wodini. Sista anayetufundisha amesema kila mwanafunzi awe na saa yake mwenyewe, yenye ule mkono mdogo wa sekunde. Bila huo huwezi kuhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa. Asiye na saa atabaki kufua mashuka mpaka waje wanafunzi wengine, na hao wengine hakuna ajuaye watakuja lini.

Mpaka sasa naazima ya Kafedha, mwenzangu tunayelala chumba kimoja. Lakini jana alikuwa nayo upande wa wanaume, nami nimeshika mkono wa mtoto mwenye homa kali. Nikaimba wimbo wa kanisani moyoni, nikawa nahesabu mapigo kwa beti. Sista akaja nyuma yangu, akaelewa ninachofanya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mbeyu, wimbo wako unakwenda mbio kwa sababu unaogopa." Afadhali angenigombeza.

Baba angekuwa hai ningemwandikia yeye. Sasa ni wewe. Hata iwe kuukuu, hata iwe mbaya ya sura, mradi itembee.

Mdogo wako,
Mbeyu Thoya


Changamwe,
13 Machi 1948

Mbeyu mdogo wangu,

Kigelegele hukukisikia huko? Majirani walikuja mbio wakidhani Nyamvula amejifungua, naye hata mimba hana.

Saa nimepata. Usishangilie kwanza, maana haitembei.

Jumapili nilipotoka kanisani nilipita karibu na stesheni, nikamkuta mtu amekaa juu ya furushi lake akingoja lori la kwenda bara. Anaitwa Mwarandu, wa Jibana. Alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, na sasa amechoka na mji, anarudi kwa mkewe kulima. Tukazungumza. Nilipotaja saa akafungua furushi, akatoa hii. Akasema, "Imelala, lakini mwili wake mzima. Tuliuziwa kambi ilipovunjwa, vitu vibovu vyote kwa fungu." Kisha akalitazama koti langu. "Mimi sitaki fedha," akasema. "Sitaki mke wangu anione narudi na kaptula ya jeshi."

Basi nimempa koti langu la arusi. Nyamvula ameniuliza liko wapi, nikamwambia liko kwa fundi cherehani. Usitoe siri.

Saa yenyewe kioo kimepasuka, mkono wa sekunde haupo, na kile kitufe kinachozungushwa kuijaza ili itembee kimeng'oka. Uso wake mweusi, tarakimu zake zinang'aa gizani kama macho ya paka. Mgongoni pamechorwa kamshale, na kilichobaki ni masizi na kutu. Mafundi wawili wa mjini waliiangalia bila kuishika. Mmoja aliniambia nikampe mtoto achezee.

Ndipo mwenzangu mmoja kazini akanielekeza ng'ambo ya Likoni, kwa fundi mmoja wa Timbwani, Matano wa Mwidani. Nikavuka kivuko. Nikamkuta barazani kwake, mzee mwenye kofia ya vito iliyodariziwa na kioo kimoja jichoni. Akaitia saa sikioni, akaitikisa kidogo, akaitia tena, mara tatu, mpaka nikaogopa.

"Imekufa, mzee?" nikamuuliza.

"Haikufa," akasema. "Imezirai."

Nimemwachia. Omba Mungu.

Kaka yako,
Gona


Changamwe,
30 Machi 1948

Mbeyu,

Barua yako ya Pasaka imefika. Unauliza kama kweli saa iliyozirai huamka. Sikiliza.

Nimetoka Timbwani. Mzee Matano ameifungua yote, kila kitu kikakaa juu ya sahani nyeupe. Ndani mlikuwa na mchanga, mwekundu, si wa pwani hii. Sijui umetoka vita gani. Kamani, yaani ule utepe wa chuma unaoisukuma saa, ilikuwa imekatika vipande viwili. Kila kigurudumu amekiosha kwa petroli, kila tundu amelisugua kwa kijiti alichokichonga mwenyewe. Kamani mpya na kitufe cha kujazia ametoa kwenye akiba yake, na mkono wa sekunde ameutoa kwenye saa ya kike iliyopondwa na gari, akaukata ncha ukatoshea.

Kisha akaniambia nisipumue. Akaushika mtambo kwa koleo, akagusa gurudumu moja kwa unyoya. Ukaanza. Tik tik tik, bila ganda, bila uso, juu ya sahani. Mbeyu, mimi kazi yangu ni kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa, magurudumu ninayafahamu, lakini wallahi (nimejifunza kwake kuapa) nilitaka kulia.

Kilichobaki ni kioo. Yeye hana cha kipimo hiki. Amenipa ganda tupu nilipeleke mjini kwenye duka la saa wanipimie. Kesho nikitoka kazini nitapita.

Jitayarishe kuvaa.

Gona


Hospitali ya Misheni,
14 Aprili 1948

Kaka Gona,

Tangu uniambie nijitayarishe kuvaa sijasikia neno. Nimekwisha kuandika mara moja, hii ya pili. Kioo kimekosekana? Au mzee Matano anaumwa? Hata kama habari si nzuri niandikie tu.

Sista ameuliza nani bado hana saa. Niliinua mkono peke yangu.

Mbeyu


Changamwe,
18 Aprili 1948

Kwa wifi yangu Mbeyu,

Salamu. Sisi hatujambo. Kaka yako amepelekwa Voi na kazi, mabehewa yameharibika huko mengi, hajui atarudi lini. Ndiyo maana hakuandika. Asema usihangaike.

Habari ya saa tuiache kwanza. Kuna mambo kidogo. Soma vitabu vyako, wifi, na ule vizuri.

Nyamvula


Hospitali ya Misheni,
22 Aprili 1948

Kaka,

Barua hii naipeleka Changamwe, maana najua huko Voi hupo. Jana alikuja hapa kutibiwa kidole mtu wa reli aliyetoka Voi wiki hii. Nimemuuliza. Hajakuona wala hajasikia mabehewa yoyote yaliyoharibika.

Kama saa umeiuza, sema umeiuza. Kama umechoka kunibeba, sema umechoka. Mimi si mtoto. Wengine wamesomeshwa na kaka zao bila kuambiwa uongo kupitia kwa mawifi. Afadhali nisingeomba.

Nitafua mashuka. Mashuka hayadanganyi.

Mbeyu


Timbwani, Likoni,
24 Aprili 1948

Kwa binti Thoya, muuguzi,

Baada ya salamu, hali yangu njema, alhamdulillah, ila magoti. Hunijui, nami sikujui kwa sura. Ndimi Matano wa Mwidani, fundi wa saa. Anwani yako nilipewa na kakako siku ile ya kwanza, akaniambia, "Mzee, saa si yangu, ni ya mdogo wangu, jina lake hili." Akaniandikia kwenye karatasi ya sigara.

Saa yako ninayo mbele ya mato yangu. Haina nguo, nimeifunika kwa gilasi isiingie vumbi, na yapiga usiku na mtana. Nimeilinganisha na king'ora cha bandarini, haipotezi. Nakuandikia kukuuliza neno. Wauguzi niliowaona mjini huivaa saa kifuani, kitwa chini miguu juu, wapate kuitazama mikono ikiwa na kazi. Wataka nikutengenezee hivyo, au wataka ukanda wa mkononi?

Ningemuuliza kakako, lakini huko kituoni hawaniruhusu kila mara. Juzi nilimwona kidogo. Amekonda, ila kitwa chake ki sawa. Mimi umri wangu wote nikitengeneza saa sijaona mtu akashikwa kwa ganda tupu. Watu wa duka waliona ule mshale mgongoni, wakamwita askari, kwani mshale ule ni alama ya mali ya serikali. Akasema amepewa na Mwarandu. Wakamwambia Mwarandu ni jina la hewani. Sasa kesi yaahirishwa na kuahirishwa.

Usilie sana, mwanangu. Mungu hamtupi mja wake. Nijibu habari ya ukanda.

Wako,
Matano wa Mwidani


Hospitali ya Misheni,
27 Aprili 1948

Wifi Nyamvula,

Nimejua. Mzee Matano ameniandikia akidhani najua tangu zamani.

Wifi, ile barua yangu ya mwisho, ikiwa hujampa, usimpe. Ikiwa umempa, mwambie aliyeiandika alikuwa mjinga. Mwambie chochote.

Niambie kweli sasa, yote. Anakula? Wamempiga? Kazini wamemfukuza?

Huyo Mwarandu si jina la hewani. Kaka aliniandikia kuwa ni mtu wa Jibana, dereva wa jeshi. Jibana si mbali na hapa. Kesho nitamwomba Sista ruhusa. Akikataa nitakwenda vilevile.

Mbeyu


Changamwe,
29 Aprili 1948

Wifi yangu,

Nisamehe. Sikutaka. Siku ile ya kwanza niliyomwona alinishika mkono kwenye nondo, akasema, "Mbeyu asijue. Akijua ataacha masomo aje hapa kulia, na hapa wa kulia tuko wengi." Nikaapa. Habari ya Voi niliitunga mwenyewe, na kama ulivyoona, utunzi siujui.

Hawakumpiga. Chakula nampelekea, siku nyingine wanakipokea, siku nyingine hawakipokei. Hana kikohozi. Usiku hasemi kama analala. Kazini nyapara wake, Ruwa, amewaambia wakubwa kwamba Gona anaumwa nyumbani, kwa hiyo nafasi yake ipo, lakini Ruwa mwenyewe ameanza kuogopa. Hakimu amesema safari ijayo ikiwa hakuna shahidi atahukumu.

Barua yako ile niliisoma mimi. Nililia, kisha nikaitia jikoni chini ya chungu cha maharagwe. Haipo.

Mtafute huyo mtu, wifi. Mimi nilikwenda kituoni mara tatu kuwaambia yupo. Waliniuliza, "Umewahi kumwona?" Nikasema sijamwona. Wakacheka.

Nyamvula


Hospitali ya Misheni,
3 Mei 1948

Wifi Nyamvula,

Barua hii ikikufikia, anayekupa ndiye Mwarandu mwenyewe. Mkaribishe, mpe maji, na usimwache aondoke.

Sista alinipa ruhusa. Aliniuliza kama najua wenzangu wanagawanywa wodini siku hiyohiyo. Nikasema najua. Akanitazama, akasema, "Basi vaa viatu vizuri, mvua imenyesha."

Nilifika Jibana matope mpaka magotini. Kila niliyemuuliza Mwarandu aliyekuwa dereva aliniuliza yupi. Mwishowe mwanamke mmoja kisimani akasema, "Yule anayekwenda kanisani na koti jeusi kama mchungaji?" Nikajua ni koti la kaka.

Nilimkuta anachoma majani shambani. Nilipomweleza aliweka panga chini, akakaa. Kisha akasema, "Dada, pole. Lakini mimi siendi."

"Kwa nini? Saa si ulinunua?"

"Nilinunua. Mbele ya watu, kambi ilipovunjwa. Karani wa stoo akagonga mshale wa pili juu ya kila kitu, ncha ikitazamana na ncha, kuonyesha serikali imekitoa mkononi mwake. Lakini nani atanisikiliza? Nikienda watatufunga wawili. Nilipovua nguo za jeshi niliapa sitasimama tena wima mbele ya mtu aliyekaa."

Nikamwomba. Nikapiga magoti kwenye majivu, wifi, sikuona haya. Akageuza uso. Kumbe mkewe, Jumwa, alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo kichwani, amesikia yote. Hakuitua. Akasema, "Mwarandu, koti la yule mtu umelivaa Jumapili, umesimama nalo ukaimba. Mwenyewe yuko ndani. Jumapili ijayo utalivaa tena?"

Mwarandu aliinuka, akanawa mikono, akaingia nyumbani. Alipotoka alikuwa amelivaa.

Sasa yuko hapa mlangoni pa hospitali anangoja lori. Amemeza uji wote tuliompa. Mpitishe kwa mzee Matano aende naye. Mzee yule anajua kusema.

Niandikieni kabla sijafa kwa kungoja.

Mbeyu


Timbwani, Likoni,
6 Mei 1948

Kwa binti Thoya,

Nakupa habari kwa mpango, usiruke mistari kutafuta mwisho.

Tulikwenda kituoni watatu: mimi, Nyamvula, na huyo Mwarandu. Ndiani Nyamvula alikuwa akilitazama koti. Mwisho akamuuliza, "Koti hili alikuuzia bei gani?" Mwarandu akasema, "Hakuniuzia, mama. Ndilo lililonunua saa." Nyamvula akavuta pumzi, akasema, "Haya. Twendeni. Hilo nitalizungumza na mwenyewe."

Inspekta alitupokea na koplo wake wa kutafsiri. Mwarandu alisimama wima kama mlingoti.

"Wewe ndiye Mwarandu?"

"Ndimi, efendi."

Akaeleza kambi, karani, fungu la vitu vibovu, na ule mshale wa pili. Inspekta akafungua bahasha, akatoa ganda la saa, akaligeuza. Akasema neno kwa Kizungu, koplo akatwambia: "Mshale ninaouona ni mmoja. Huo wa pili uko wapi?"

Mwarandu akainama kulitazama. Akatazama tena. Mwanangu, nilimwona akibadilika rangi. Pale palipotakiwa kuwa na mshale palikuwa peusi tupu. "Ulikuwapo," akasema, polepole. Koplo akatabasamu. Nyamvula akanishika mkono wa kanzu.

Mimi ganda lile sikuwa nimeliosha. Fundi huanza na mtambo, ganda huliosha mwisho, na mwisho ulikuwa haujafika. Basi nikasema, "Bwana koplo, mwambie bwana mkubwa kwamba kitu kichafu hakisomeki. Nina brashi yangu na petroli mfukoni. Nikioshe hapa hapa mezani, mbele yake, asije akasema nimechora mimi."

Wakazungumza. Inspekta akatandaza gazeti, akasogeza kiti.

Nikaosha. Mkono huu umeosha saa za mabwana na makadhi, lakini sijapata kuosha kitu polepole namna ile. Weusi ukatoka kidogo kidogo, petroli ikawa kama kahawa. Kwanza hapakuwa na kitu. Nikamwomba Mungu, nikatia tena. Ikaonekana ncha. Kisha ubavu mmoja, kisha wa pili. Mshale mzima, umeuelekea mwenziwe ncha kwa ncha, kama ndege wawili wanaogombea punje moya.

Inspekta akalichukua akaenda nalo dirishani kwenye yuwa. Akamwita mzungu mwengine, mtu mzima, aliyekuwa jeshini. Yule akatazama, akatikisa kitwa kukubali, akarudi kwenye kazi zake kama kwamba hakuna jambo. Inspekta akakaa. Akauma kalamu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Mlete huyo mtu."

Tuliingia watatu. Tulitoka wane.

Habari ya ukanda hukunijibu. Nimekuwekea wa mkononi, wa ngozi, mwembamba. Na kioo nimekipata kwengine.

Wako,
Matano wa Mwidani


Changamwe,
9 Mei 1948

Mbeyu,

Niko nyumbani, kesi imefutwa. Nimeoga mpaka Nyamvula akaniuliza kama natafuta ngozi nyingine. Nimekula wali wa nazi na papa, nikalala, nikaamka, nikala tena.

Waliponitoa sikuona mtu kwanza, niliona koti langu. Nikadhani nimerukwa na akili. Kisha nikaona juu ya koti uso wa Mwarandu, analia waziwazi, na mke wangu kando yake amekaza midomo. Tulipofika nje Mwarandu akaanza kulivua. Nikamkataza. Akashikilia. Nyamvula akasema, "Vaeni wote wawili kama linawatosha." Ndipo tukacheka, Mbeyu, hapo barabarani, mzee Matano akacheka mpaka akashika ukuta. Mwisho Mwarandu amebaki nalo. Nyamvula ameniambia koti la arusi huvaliwa siku moja, na siku hiyo ilipita salama, basi.

Kule ndani sikuogopa sana kufungwa. Niliogopa neno "mwizi" likufikie wewe mbele ya wenzako. Nilikuwa nakuona umesimama kwenye mstari na nguo yako nyeupe, mtu anakunong'oneza. Kwa hiyo nikakuficha. Nyamvula anasema nilikosea, kwamba ungeambiwa siku ya kwanza ningetoka siku ya pili. Huenda. Ananiambia pia kuna barua yako moja iliyoungua kwa bahati mbaya na maharagwe. Nimesema maharagwe yale yalikuwa matamu, na sikuuliza zaidi.

Jumatatu narudi kazini. Ruwa amekuja kunitazama. Alisema, "Umepona haraka ugonjwa ambao hukuugua," akaondoka anapiga mluzi.

Saa nampa Mwarandu aipitishe kwako. Ameifunga ndani ya soksi mbili, amesema akiulizwa tena njiani habari za mshale ataanza kuhubiri.

Umeukosa mgawanyo wa wodini kwa ajili yangu. Hilo sijui nitalilipaje.

Kaka yako,
Gona


Hospitali ya Misheni,
21 Mei 1948

Kaka Gona mpenzi,

Hulipi kitu. Niliporudi kutoka Jibana Sista alikuwa ameshaandika jina langu wodi ya wanawake. Alisema mtu anayeweza kumleta shahidi kwa miguu kupitia matope yale hatashindwa kumnywesha mgonjwa dawa.

Saa imefika ndani ya soksi zake. Mwarandu aliishikilia akiitazama tu mpaka Jumwa, aliyekuja naye, alipomwambia, "Mpe mwenyewe, unaitazamia nini?" Nimeivaa. Tundu la mwisho la ukanda ndilo langu. Kafedha ameisikiliza, Sista ameilinganisha na yake, akasema tu, "Nzuri," naye neno hilo hulitoa kwa nadra.

Nimemwandikia mzee Matano kumshukuru. Amenijibu kwa ukali kwamba nisiivae nikifua, nisiijaze kwa nguvu, na kila mwaka nimpelekee mwenyewe kwa mkono wangu, aione nami anione.

Asubuhi hii nimefanya kazi nayo mara ya kwanza. Kitanda cha pembeni yuko bibi mmoja wa Ribe, aliyeletwa wiki iliyopita hajitambui kwa homa. Leo amefungua macho. Nikamshika mkono, nikatazama saa. Alinitazama muda, akauliza, "Mwanangu, unasikiliza nini humo?"

"Nasikiliza moyo wako, bibi."

"Wasemaje?"

Nikangoja mkono wa sekunde umalize mzunguko wake. Mapigo yalikuwa ya taratibu, yamepangana.

"Wasema hauna haraka," nikamwambia.

Bibi akafunga macho. "Vyema," akasema. "Basi nami nisiwe nayo. Niletee uji."

Nimekwenda kumletea uji.

Mdogo wako,
Mbeyu